Asante Iliyochelewa

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja dogo, ambalo kila mmoja wetu huenda amelitamka mara tatu au nne tangu kupambazuka, bila kulifikiri. Neno lenyewe ni asante. Lakini kabla ya kulieleza hatuna budi kukiri deni letu wenyewe, maana si vizuri kuwahimiza wengine walipe huku sisi tunampitia mwenye duka kwa uchochoro wa nyuma.

Ilikuwa mwaka 2006. Tulikuwa watu sita wa kanisa, sote watu wa bara, tukisafiri kwa mashua ya injini kutoka Mokowe kwenda Faza katika kisiwa cha Pate. Anayekijua kile kipande cha bahari ya Lamu anajua kwamba saa ya msafiri siyo ile iliyo mkononi. Saa ni kupwa na kujaa kwa maji. Katika mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, chombo hupita maji yakijaa, na yakitoka hubaki matope na mikoko. Sisi tulichelewa kuondoka kwa sababu ya maneno mengi ya kuagana. Mkanda tukaupita kwa shida, lakini tulipokikaribia kisiwa cha Pate chombo kilipanda juu ya fungu la mchanga, kikalala ubavu. Jua lilikuwa linatua.

Ndipo tukamwona mvuvi mmoja, mtu mzima, anakuja kwa miguu ndani ya maji yaliyomfika magotini. Akatupungia mkono, akapaza sauti: "Ndoo! Ndooni!" Mwenzetu mmoja, mwinjilisti, mwepesi wa kutii, akainama akaichukua ndoo ya kutolea maji chomboni, akainyanyua juu ili yule mzee aione. Mzee akasimama. Akatazama ndoo, akatutazama sisi, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe kwa lugha ya kwao "ndoo" ni njoo. Alikuwa anatuambia tushuke, tumfuate, kabla giza halijaingia na maji hayajarudi.

Usiku ule tulilala kwake. Mkewe akatuandalia mkate wa mofa, samaki, na chai yenye tangawizi kali. Watoto wao walihamishwa wakalale kwa jirani ili sisi tupate vitanda. Hakuna aliyetuuliza dini yetu, ingawa bila shaka waliijua, kwa kuwa tulikuwa na masanduku mawili ya vitabu vya nyimbo. Alfajiri maji yakajaa, nahodha wetu akaita kwa haraka, tukakimbia ufukweni. Tulimpa mzee fedha, akakataa. Tukapanda chomboni, injini ikanguruma, na kutoka mbali tukapiga kelele: "Asante sana!" Hatujui kama alisikia. Tuliahidiana kwamba tukifika nyumbani tutaandika barua. Hatukuandika.

Tuache hapo kwanza, tulitazame neno lenyewe.

Wengi wetu hudhani asante ni neno linalosema habari ya moyo wangu mimi niliyepewa. Sivyo. Asante imetoka katika Kiarabu, nayo maana yake ni "umetenda vyema". Nisemapo asante, nikilifuata neno lilikotoka, sijataja furaha yangu hata kidogo. Ninakushuhudia wewe. Natangaza kwamba jambo ulilolifanya ni jema. Na sisi Waswahili tumelifanyia neno hilo jambo la kuchekesha: tukiwa na watu wengi mbele yetu husema asanteni, tukiongeza -ni mwishoni kama tunavyosema njooni au ketini, kana kwamba tunawaamuru. Wasomi wa Kiarabu wakisikia hutabasamu. Lakini hakuna ubaya. Neno likishahamia nyumba nyingine hufuata desturi za nyumba hiyo. Wakikuyu nao, ambao wengi wamefanya makao upande wa bara wa Lamu, husema "ni wega", yaani ni vyema. Makabila mawili tofauti, na yote mawili yakitaka kushukuru hukitaja kitendo, si hisia.

Basi asante ni ushahidi. Na ushahidi, ndugu msikilizaji, una mahali pake na wakati wake. Shahidi akikaa nyumbani siku ya kesi, hata kama moyoni ajua kila kitu, hakumfaa mtu.

Fungueni Luka sura ya 17, habari ya wenye ukoma kumi. Tumezoea kuwalaumu wale tisa kama watu wabaya. Tusomeni vizuri. Bwana aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walikuwa wanakwenda. Walikuwa wanatii! Walikuwa na wake na watoto ambao hawakuwagusa kwa miaka. Twaamini kabisa kwamba mioyo yao ilijaa shukrani. Walikuwa na haraka tu, kama sisi asubuhi ile ufukweni. Aliyerudi alikuwa mmoja, na Luka ameona vema kututajia kwamba alikuwa Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye. Wale tisa hawakutukana mtu wala kuiba. Hawakugeuka tu. Na Bwana akauliza wako wapi.

Sasa turudi kwenye ile "ndoo", maana tuliicheka siku ile bila kujua tunacheka nini. Sisi wa bara tulijifunza Kiswahili shuleni na kanisani, tukadhani Kiswahili ni hicho. Kumbe Kiamu, lugha ya Lamu, na ndugu zake Kipate na Kisiu, vilikuwa vikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla babu zetu hawajaiona karatasi. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na katika mausia yake, mara baada ya kumwambia ashike dini, anamwagiza awe na adabu na ulimi mzuri. Mama huyu hakuwa wa dini yetu, lakini twatamani kila binti, naam na kila mvulana, katika sharika zetu angeusikia wosia huo kutoka kwa mama yake.

Ilikuwaje basi lugha ile ikawa ngeni kwetu? Dakta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akajifunza Kimvita. Askofu Steere alifanya kazi Unguja, akatafsiri kwa Kiunguja. Kwa muda mrefu wamisionari walishindana kwa kalamu ni kipi kilicho Kiswahili safi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake. Biblia iliyo mikononi mwa wengi wetu, tafsiri iitwayo Union, ilitoka mwaka 1952. Hatusemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Bila lugha moja ya kitabu tusingesikilizana leo kutoka Lamu mpaka Bukavu. Lakini mtoto wa Lamu asemaye ndia badala ya njia, mai badala ya maji, mato badala ya macho, alianza kusahihishwa na mwalimu kama mkosaji, na mgeni wa jana akawa ndiye ajuaye.

Katika Biblia hiyohiyo kuna neno moja lililotufanya tunyamaze kitambo tulipolisoma upya. Ni Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28. Mtume Paulo anapelekwa Rumi akiwa mfungwa, chombo kinapigwa na dhoruba siku nyingi, kinakwama penye fungu, kinavunjika. Watu 276 wanafika pwani ya kisiwa cha Malta, wengine wakiogelea, wengine juu ya vipande vya mbao. Mvua inanyesha na kuna baridi. Wenyeji wanawasha moto na kuwakaribisha wote. Luka, aliyekuwamo, anawaita wenyeji wale kwa neno la Kiyunani ambalo maana yake ni watu wasiosema Kiyunani, watu ambao maneno yao masikioni mwa Myunani yalikuwa bar-bar-bar. Wataalamu hudhani walikuwa wakisema Kipuniki, lugha iliyo jamaa ya Kiebrania. Na watafsiri wetu walilitafsiri neno hilo vipi? Waliandika "washenzi".

Mtu wa pwani anajua neno hilo lilikuwa na maana gani zamani. Mshenzi alikuwa ni mtu wa bara. Alikuwa ni sisi. Na sisi, tuliposhuka pwani na elimu yetu, tuligeuka tukawacheka wao kwa jinsi wanavyotamka njoo. Neno la dharau ni kama mpira wa makaratasi wa watoto. Hupigwa teke na huyu, na yule akilipata naye hulipiga. Lakini tazameni: walioitwa hivyo ndio waliowasha moto. Luka hakuusahau. Alikuwa na safari ndefu bado, na mambo makubwa ya kuandika juu ya Rumi, hata hivyo akatenga mistari kwa ajili ya moto wa wenyeji wa Malta, na mpaka leo unasomwa. Hiyo ni asante ya namna yake. Na tena angalieni alichokuwa akifanya Paulo. Mtume mkubwa, mfungwa, aliyelowa, alikuwa akiokota kuni. Hakukaa kungojea apashwe moto.

Huko Pate na Siyu wazee husimulia hadithi inayofanana na hiyo. Husema kwamba zamani sana, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, chombo cha Wachina kilivunjika karibu na kisiwa chao, na mabaharia waliookoka wakapokewa, wakaoa, wakazaa. Ziko jamaa mpaka leo ziitwazo uzao wao. Iwe ni kweli yote au sehemu tu, yafaa kuona ni hadithi ya namna gani watu wa kisiwa wanajivunia kuwasimulia wajukuu: kwamba mtu aliyetupwa na bahari asiyejua neno moja la lugha yao alipewa nyumba.

Sasa twafika mahali pagumu.

Katika Waamuzi sura ya 12 imo habari ya vivuko vya Yordani. Watu wa Gileadi walivishika vivuko, na kila aliyetaka kuvuka walimwambia atamke neno shibolethi. Waefraimu hawakuweza kulitamka vizuri, walisema sibolethi. Aliyekosea herufi hiyo moja aliuawa. Walikufa 42,000. Herufi moja, kama ile iliyotuchekesha sisi juu ya mashua.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, katika mji uliokua kutokana na mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta wa miaka ya 1970. Ulikuwa msimu wa Kombe la Dunia, na watu walikuwa wakitazama mpira. Usiku ule na siku zilizofuata, Mpeketoni na vijiji vya jirani, waliuawa zaidi ya watu 60. Walionusurika walisimulia kwamba waliulizwa, kwa Kiswahili, kama wao ni Waislamu. Kwa Kiswahili! Lugha tuliyopewa ili tuelewane ikawa kivuko cha Yordani.

Hatutaki kueleza hapa mambo ya siasa yaliyosemwa baadaye. Yamesemwa mengi na wajane hawajafarijiwa nayo. Twataka kueleza yaliyotupata sisi, mbali na Lamu, katika ushirika wetu. Baada ya mazishi, watu walianza kusema. Simu zilijaa ujumbe uliopokewa kutoka kwa fulani na kupelekwa kwa fulani, kila mmoja bila jina la aliyeuandika kwanza. Ujumbe wa simu una udhaifu huu, kwamba hauna uso. Aliye mbele yako ukimwambia neno la uongo juu ya jirani, atakukunjia kipaji. Simu haikunji kipaji. Wakasema watu wa visiwani wote ni wamoja, wote walijua, wote walifurahi. Jambo hilo lilisemwa hata ukumbini baada ya ibada, na chai mkononi.

Na sisi tulikuwapo. Kati yetu tulikuwapo watatu tuliolala katika vitanda vya watoto wa mtu wa Pate, tuliokula mkate wake. Tungeweza kusema maneno machache tu: sisi twamjua mmoja, alitutoa katika maji usiku, akakataa fedha. Shahidi alikuwa amefika mahakamani, na shauri limetajwa. Tukanyamaza. Tulinyamaza kwa sababu watu walikuwa na uchungu, nasi hatukutaka kuonekana tunawatetea wengine wakati wetu wanalia. Huenda mlango wa kusema ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwapo, na mzee yule hakuwa na mwingine wa kumshuhudia katika ukumbi ule ila sisi.

Wala hatukufikiri kwamba huko visiwani nako kulikuwa na kilio. Amri ya kutotembea usiku iliwekwa, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku kwa muda mrefu. Kwa mtu ambaye nyavu zake ni za usiku, hilo ni njaa, au ndaa kama wasemavyo wao. Mzee wetu alikuwa mvuvi wa usiku.

Mwaka jana tulikwenda. Tulikuwa wawili tu. Wengine wamehamishwa, mmoja amelala katika Bwana. Safari hii tuliuliza habari za maji kabla ya kuuliza nauli. Tulifika kijijini wakati wa alasiri. Nyumba tuliikuta, imeongezwa chumba. Mzee hatukumkuta. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita.

Mkewe alitoka akatutazama sana. Tulimwamkia, tukajieleza: sisi ni wale wageni wa chombo kilicholala ubavu, miaka mingi iliyopita. Akafunika mdomo kwa ukingo wa leso. "Wenye ndoo!" akasema, na akaanza kucheka, na kicheko chake kikageuka machozi, kisha kikarudi kuwa kicheko. Kumbe katika nyumba ile hadithi yetu ilisimuliwa kila mwaka. Mzee alikuwa akiigiza jinsi mwenzetu alivyoinyanyua ndoo. Wajukuu waliozaliwa baadaye waliijua.

Tukamwambia tuliyoyajia. Tulimwambia kwamba hatukuandika barua tuliyoahidi. Tulimwambia pia habari ya ukumbi na chai, kwamba jirani zake walisemwa nasi hatukusema lolote. Hilo lilikuwa gumu kulitoa, na Kiswahili chetu cha vitabu kikaonekana kimekauka kama mkate wa juzi. Bibi yule akasikiliza mpaka mwisho. Hakutuambia kwamba si neno, kama watu wasemavyo ili kumaliza upesi. Alinyamaza, akatazama upande wa bahari, kisha akatuuliza hali ya watu wa Mpeketoni sasa, kama wajane wao wana wa kuwaangalia. Tukamweleza tulichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Akatuuliza tena juu ya watoto. Tukaona aibu kwamba yeye alijua maswali ya kuuliza kuliko sisi.

Tulimpigia simu yule mwinjilisti wa ndoo, ambaye sasa amestaafu na yuko kwao bara. Upepo ulikuwa mwingi na sauti ikakatika mara kwa mara. Bibi alishika simu kwa mikono miwili, akamwita mwanangu, akamwuliza kama bado anayo ile ndoo. Sisi tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Mwenzetu alikuwa anapiga kelele asante, asante, jinsi mtu anavyopiga kelele kutoka chomboni, na bibi akawa anaitikia kwa kichwa kana kwamba anamwona.

Kisha akaturudishia simu, akatuambia kwamba maji ya ndani yamekwisha na mjukuu wake ameumia mguu, na jabia liko mbali kidogo kwa mtu wa umri wake. Tukavua viatu, tukachukua ndoo mbili zilizokuwa mlangoni, tukamfuata mtoto wa jirani atuonyeshe ndia.